Mjane wa Mradi

Fyuu. Kimya. Kisha fyuu tena, nyembamba, kama mtu mzima anayefyonza kwenye pengo la jino lililong'oka.

Mboje alisimama. Giza la alfajiri lilikuwa bado limelala bondeni, na hakuona kitu zaidi ya pembe za maksai wake wawili zikipanda na kushuka mbele yake. Aliwapigia mluzi mfupi, wakasimama. Akasikiliza. Sauti ilitoka chini, upande wa nje wa ukuta wa lambo, mahali ambapo hapakupaswa kuwa na sauti yoyote. Maji yalikuwa upande wa pili. Huku palikuwa na udongo mkavu, majani na mavi ya ng'ombe tu.

Alipiga magoti, mgongo wake ukilalamika, akapapasa. Kidole kikazama kwenye tundu la mchwa mpaka pingili ya pili, kikatoka kimelowa. Hakuondoka. Alikaa pale pale juu ya visigino vyake akisubiri kupambazuke ili aone rangi ya maji yale. Mhandisi Mzungu aliyelijenga lambo hilo, kijana mrefu mwenye pua iliyobabuka kwa jua, alimfundisha jambo moja ambalo hakulisahau. Ukuta ukitoa jasho jeupe usihofu, unapumua. Ukitoa jasho jekundu, unaliwa.

Jua lilipotoa kichwa, jasho lilikuwa jekundu.

Basi akapanda juu ya ukuta akautazama wote, kama mtu anavyomtazama mgonjwa aliyeambiwa kwamba hatapona. Mgongo wake ulikuwa umekatwa na kwato za ng'ombe mpaka umebonyea kama tandiko la baiskeli kuukuu. Ndani maji yalifika magotini tu, yale yaliyosalia baada ya ukame wa mwaka ule, ukame uliomaliza zizi baada ya zizi upande wa Zagayu na kuwafukuza wengine na mifugo yao hadi Nassa, ziwani. Kijiji chao, huku Nkoma, kilipona kwa sababu ya lambo hilo moja. Na sasa redio ilikuwa inasema kila jioni kwamba mvua inayokuja si ya kawaida, ina jina lake, elinino. Watu walilicheka jina. Mboje hakucheka. Maji ya magotini yalikuwa yanaula ukuta polepole. Yakifika kifuani, ukuta utakwenda kwa usiku mmoja, na lambo litabaki bonde kama lilivyokuwa.

"Mwangaluka, mjane," sauti ilisema nyuma yake. "Mume hajarudi?"

Alikuwa Ngeleja na ng'ombe wake. Ngeleja alikuwa mtani wake wa ukoo, na mtani hana breki. Tangu mradi ulipofunga mizigo na kuondoka, miaka minne sasa, alikuwa hamwiti Mboje kwa jina lingine ila hilo, mjane wa mradi, na watoto wa shule walikuwa wameanza kulishika.

Mboje alimwonyesha tundu. Ngeleja alichuchumaa, akaweka kiganja, akakinusa kama mtu anayeonja mchuzi.

"Mume wako anavuja," alisema. Kisha akanyamaza, na hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kuogopa. Aliposimama aliupangusa mkono kwenye kaptula. "Mwenyewe aambiwe."

"Mwenyewe nani?"

"Unaniuliza mimi? Wewe ndiye uliyetuambia."

Akawaswaga ng'ombe wake kwenda kunywa, akiimba kwa sauti ya puani ule wimbo ambao Mboje aliutunga mwenyewe, na ambao sasa aliuchukia kama mtu anavyolichukia koti aliloazima akalizoea.

Huku kwao kazi kubwa haifanywi na mtu mmoja. Ukiwa na shamba lililokushinda, unamwendea nsumba ntale, yaani mkubwa wa vijana wa kazi, naye anapiga ngoma na kupita kitongoji hadi kitongoji akitangaza kwamba fulani anawaita. Watu wanakuja na majembe, wanalima kwa wimbo, na jioni wanakula nyama ya aliyeita. Mambo yanaishia hapo. Aliyeita ndiye anayelisha, na aliyelisha ndiye mwenye shamba. Hata kama jasho lako lilimwagika mle debe zima, huligusi tena tuta lile mpaka mwenyewe akuite. Anayeingia shamba la mtu bila kuitwa ni wa aina mbili tu: mwizi, au yule anayetembea uchi na fisi. Hakuna mtu mwenye akili anayetaka kuhesabiwa katika aina hizo.

Mboje alikuwa nsumba ntale kwa miaka ishirini. Vijana aliowaongoza mwanzo sasa walikuwa wana mvi, na waliofuata hawakumchagua mwingine, kwa uvivu au kwa heshima, hakuwahi kujua.

Serikali nayo ilikuwa imewahi kuita. Iliita mwaka wa kuhamishwa vijijini, na waliochelewa kuitika waliezuliwa mapaa watoto wakiwa ndani. Iliita tena ili lijengwe ghala; watu wakafyatua matofali, wakatoa pamba ya kununulia bati, na bati hazikuonekana mpaka leo. Iliita uchimbwe msingi wa zahanati, na msingi huo sasa umeota mibono mirefu kuliko mtu. Mara zote hizo haikumlisha mtu hata kikombe cha uji. Ilipofika miaka ya tisini, mwenyekiti wa kijiji akipiga ngoma, walioitika walikuwa balozi wa nyumba kumi na mbwa wake.

Ndipo mradi ukaja. Ulikuja na magari meupe, na mahindi ya njano, na mafuta ya kula kwenye makopo yenye bendera. Mhandisi yule kijana aliuliza watu wa hapa huitwaje kazini, na alipoelezwa habari ya ngoma alifurahi mno, akaandika kwenye daftari lake, akasema hivyo ndivyo itakavyokuwa, wataheshimu desturi. Akamwambia Mboje apige.

Mboje alikumbuka vizuri asubuhi ile. Alisimama na ngoma mabegani kwenye njia panda, akijiuliza atangaze jina gani. Angeweza kusema kijiji kinawaita. Alijua kwamba akisema hivyo atabaki peke yake pale na inzi. Lambo alilitaka sana, alikuwa amezika ng'ombe saba mwaka mmoja. Basi akatafuta neno lenye nyama ndani yake. Akasema, mradi unawaita. Akatunga na wimbo, ambao kwa Kiswahili ungekuwa hivi:

Mradi unatuita, amkeni wenye jembe,
Una mafuta na unga, hatutabakisha chembe,
Lambo litajaa maji, wanywe ndama, wanywe ng'ombe.

Walikuja watu mia mbili. Wakachimba, wakabeba, wakashindilia udongo kwa miguu na magogo, miezi saba, wakila mahindi ya njano ambayo yaliwapa matumbo kelele na vicheko. Na kwa kazi ya kuita, mradi ulimpa Mboje cheo, mhamasishaji, na kazi ilipokwisha ukampa fedha iliyotosha kununua dume moja zuri. Akalihasi, akalifundisha nira, akaliita Meneja kwa sababu lilipenda kutangulia. Mwenzake, aliyezaliwa zizini kwake mwenyewe na ambaye ndiye aliyevuta kweli, alimwita Katibu.

Siku ya kufunga kazi walikuja wakubwa. Utepe ulikatwa. Karatasi ilisomwa kwa Kiswahili cha ofisini, na mkubwa mmoja akasema kwamba kuanzia leo lambo hili ni lenu. Watu walipiga makofi. Lakini ng'ombe wawili walioliwa siku hiyo walikuwa wa mradi, na soda zilikuwa za mradi, na hata kivuli walichokalia kilikuwa cha turubai la mradi. Utapewaje kitu kwenye karamu ya mwenye kitu? Walipiga makofi kama wageni wanavyopiga, wakapangusa midomo, wakaaga.

Tangu siku hiyo hakuna jembe lililogusa ukuta ule. Ng'ombe walipoukanyaga, watu walisema mwenyewe akija ataona. Mchwa walipoanza kujenga, watu walisema mwenyewe ana dawa. Hawakuwa wavivu. Mashamba yao yalikuwa safi. Walikuwa na adabu tu, na adabu hiyo ilikuwa inaliua lambo.

Mboje alimwendea kwanza mwenyekiti, Magese, akamkuta anabambua gome la mti apate kamba. Magese alimsikiliza vizuri kisha akasema kile ambacho Mboje alijua atasema: lambo ni la mradi, serikali ya kijiji haina hata chaki, lakini barua ataandika. Akaiandika, akaigonga mhuri. Mhuri ndicho kitu pekee cha serikali kilichobaki kijijini, na wino wake ulikuwa umeongezewa maji mara nyingi kiasi kwamba barua ilionekana kama imeguswa na mtu mwenye kidole kichafu.

Kesho yake Mboje alipanda baiskeli kwenda Bariadi.

Njia nzima alipita vituo vya kununulia pamba, vitupu kwa sababu msimu ulikuwa umepita, kila kimoja kikiwa na jina la mfanyabiashara wake limepakwa kwa rangi. Zamani palikuwa na kituo kimoja, cha ushirika, na mtu alijua amlaani nani. Sasa ghala la ushirika pale mjini lilikuwa limekodishwa kwa muuza mitumba, na makoti ya watu wa baridi yalining'inia mlangoni mahali palipokuwa na mizani. Mboje hakujua kama hilo lilikuwa jema au baya. Aliona tu kwamba kila kitu alichokuwa akikijua kimehama bila kumwambia.

Ofisi ya wilaya ilikuwa na milango minane na saba ilikuwa na kufuli. Kwenye ule wa nane alikaa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mnene kidogo, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Alijitambulisha kwamba yeye ni Mektilda, afisa maendeleo ya jamii, kwao ni Nassa, kwa wauza samaki. Alimkaribisha kiti, akampa maji, akaisoma barua mara mbili. Akaeleza kwamba walikuwa watu sita katika idara yake, watano wamepunguzwa kazini, kwa sababu wale wale wanaotoa misaada walisema serikali ina watu wengi mno. Yeye alibaki kwa kuwa mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko wote. Alisema hivyo bila kujivuna na bila kulalamika, kama anayetaja bei ya dagaa.

Kisha akafungua faili. Mradi ule ulikuwa umefungwa. Palikuwa na mpango mwingine, wa wafadhili wengine, lakini huo haukujenga, ulifundisha. Kijiji kingehitaji kuunda kamati, nusu yake wanawake, kiandike andiko, kifungue akaunti benki, na majibu yangetoka mwezi wa sita.

"Mvua ni wiki tatu," Mboje alisema.

"Najua, baba. Nikikuambia nitakuja nitakuwa nakudanganya, na wewe umepiga baiskeli toka Nkoma."

Nje ya dirisha, chini ya mwarobaini, palikuwa na gari jeupe limekaa juu ya mawe. Kuku alikuwa ametaga kwenye kiti cha dereva. Mboje aliitambua namba iliyoandikwa mlangoni. Alikuwa amelipanda gari hilo mara nyingi, mbele, na ngoma yake magotini. Aliuliza limefanywa nini.

Mektilda alicheka kicheko kisichokuwa na mafuta. "Tuliachiwa. Ufunguo ninao mimi, huu hapa. Tairi hatukuachiwa."

"Na nyie hamuwezi kuweka tairi?"

"Litatengenezwa kwa fungu lipi? Kwenye vitabu ni mali ya mradi. Tumeandika barua tatu. Tunasubiri."

"Mnamsubiri nani?"

Akaurudisha ufunguo mezani. "Mwenyewe," alisema.

Mboje aliangalia gari, akaangalia kuku, akaona aibu, na haikuwa kwa ajili ya wilaya. Ilikuwa aibu ya mtu aliyekwenda kwa mganga akamkuta mganga anakohoa kikohozi kile kile. Alikuwa amekuja kutafuta mwenye lambo mpaka kwenye ofisi ya serikali, na serikali nayo ilikuwa imekaa kivulini inangoja kuitwa.

Mektilda aliuliza ukuta ule unahitaji nini. Saruji? Hapana, alijibu, saruji haihitajiki. Mitambo? Hapana. Watu themanini kwa siku tatu. Wachimbe njia za mchwa mpaka mwisho, wajaze udongo wa mfinyanzi, washindilie, wanyanyue mgongo wa ukuta kwa kimo cha goti. Udongo upo pale pale.

"Na watu wapo?"

"Wapo."

"Basi wanangoja nini?"

"Kuitwa."

"Anayewaita ni nani?"

Mboje alivuruga vumbi sakafuni kwa ncha ya kandambili. Jibu lilikuwa moja tu, na lilikuwa zito mdomoni kama kokoto. "Ni mimi," alisema.

Aliaga. Mwanamke yule alimsindikiza mpaka kwenye baiskeli, jambo ambalo afisa hakulazimika kulifanya, na akamwomba radhi, ingawa hakuna aliyeweza kusema alikuwa amekosa nini.

Alifika nyumbani jua limeelemea upande mmoja. Mkewe, Generoza, alikuwa amekaa uani akichambua michembe, viazi vile vilivyokatwa na kukaushwa ambavyo ndivyo vilikuwa chakula chao tangu ukame. Alimpa maji ya kunawa, hakumuuliza kitu. Miaka thelathini na mmoja ya ndoa ilikuwa imemfundisha kwamba habari mbaya huja yenyewe, haiitwi.

Mboje alimweleza yote, gari na kuku na mwezi wa sita. Kisha akasema kwamba lambo lina ugonjwa mmoja tu, na yeye ndiye aliyeliambukiza. Alilitangaza kwa jina la mtu aliyekuwa anapita. Sasa lazima atokee mtu wa kulitangaza kwa jina lake, mtu anayelala hapa na atakayezikwa hapa, alishe watu kwa mali yake, ndipo watu wapate ruhusa ya kuugusa ukuta. Na hakuna mwingine wa kufanya hivyo. Aliyelifunga fundo ndiye anayejua lilivyofungwa.

Generoza aliendelea kuchambua. "Utawalisha nini watu themanini, siku tatu? Michembe?"

Alitazama zizini. Mkewe alifuata macho yake mpaka pale yalipotua, na mikono yake ikasimama.

"Baba Keneth. Hapana."

"Mbuzi hatunao."

"Dume moja halilimi. Mvua ikinyesha kila mwenye maksai atakuwa shambani kwake, nani atakuazima? Pamba hutapanda. Na majaruba yangu ya mpunga, nani atayalima? Wewe, na mgongo huo?" Alisema kwa sauti ya chini, kama anayezungumza mbele ya mgonjwa, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Na wakishakula, lambo ni lako. Kila likitoboka watakuja mlangoni hapa. Ukifa watamjia Keneth. Hao waliokuwa na magari walishindwa kuwa wenyewe, utaweza wewe mwenye baiskeli?"

Yalikuwa maneno ya kweli, yote. Mboje alisema tu kwamba amechoka kuitwa mjane.

"Basi ni kwa ajili ya Ngeleja?"

"Si Ngeleja. Nimechoka kungoja, Mama Keneth. Tumekuwa kijiji cha kungoja. Nilipoona gari lile niliona sisi."

Generoza aliokota ungo akaingia ndani. Chakula kililetwa, kililiwa. Kwa siku mbili walizungumza habari za kuku na za chumvi tu. Mboje alipita lamboni asubuhi na jioni. Tundu lilikuwa limepanuka, vidole viwili viliingia, na upande wa mashariki mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya mchana na kutawanyika jioni, kama watu wanaojadili jambo ambalo bado hawajaafikiana.

Siku ya tatu Generoza alitoka mapema kwenda misa ya Jumapili bila kumwamsha. Mboje aliitungua ngoma darini, akaifuta vumbi, akaisogeza karibu na moto ngozi ikaze. Hakuwa na wimbo. Alikuwa amejaribu njia nzima ya kurudi kutoka Bariadi na kila ubeti aliouanza uliingia kwenye ule wa zamani, kama gurudumu linavyoingia kwenye mfereji wake. Akaamua kwenda bila wimbo.

Alisimama njia panda, pale pale, akapiga.

Kwa muda mrefu hapakutokea mtu. Kisha wakaja watu watatu, kisha kumi. Walipotoka kanisani wakaja wengi, wanawake na kanga zao za misa, wanaume na mashati yaliyopigwa pasi, wakasimama kwa mbali kidogo wakinong'ona. Vijana waliuliza kama kuna mradi mwingine umekuja. Mwenyekiti Magese alikuja akasimama pembeni, mikono nyuma, kama mgeni kwenye kijiji chake.

Desturi inataka mmoja wa walioitwa aulize kwa sauti, wote wasikie. Ngeleja ndiye aliyejitokeza, na kwa kuwa yeye ni yeye, aliingia kwa wimbo kwanza:

"Mradi ulituita, ukaondoka na jembe."

Watu wakacheka. Mboje aliacha wacheke mpaka wakaisha.

"Haya, mjane," Ngeleja alisema. "Umetutoa mbele za Mungu. Nani anaita?"

"Mboje anaita."

"Mboje na nani? Mzungu yuko wapi?"

"Mboje, mwana wa Shigela, wa hapa hapa. Ninawaita lamboni, kesho, siku tatu."

Manung'uniko yalipita kwa watu kama upepo kwenye mtama. Ngeleja alikuwa amepoteza tabasamu lake na hakuonekana kujua lilipoangukia. Aliuliza swali la pili, lile la kula, kwa sauti ya kawaida kabisa, bila utani. "Unatulisha nini?"

"Meneja."

Hapo hakuna aliyecheka. Wote walimjua dume yule, na wote walijua maana ya kubaki na mmoja mwezi wa kumi. Mzee mmoja alikohoa. Ngeleja alisogea karibu, akazungumza kama mtu anayetafuta mlango wa kumtoa mwenzake nyumba inayoungua.

"Ngosha, ndugu yangu, fikiri. Ukitulisha, lambo ni lako. Tutanywesha mifugo yetu kwa ruhusa yako?"

Mboje alikuwa amelifikiria hilo siku tatu. Alisema lambo limekosa mtu wa kulisema ni lake kwa miaka minne, na kitu kisicho na wa kukisema hufa hata kama kimejengwa na nani. Mwaka huu atalisema yeye. Hatamzuia ng'ombe wa mtu. Mwakani akitaka mwingine kuita, ngoma ataibeba yeye bure, na asipotaka mtu, basi kijiji kitajua kwamba kilikuwa na lambo. Hakupandisha sauti. Mwishoni alikuwa anazungumza na vidole vyake.

Ngeleja alitikisa kichwa, akaenda kusimama na wengine, ambayo ndiyo alama ya kuitika. Hakuna aliyeondoka. Mboje alidhani yamekwisha, akaanza kuivua ngoma.

"Mwenye kuita, bado."

Alikuwa Generoza. Alikuwa amesimama katikati ya wanawake, kitabu cha nyimbo kwapani, uso mkavu. Mwanamke haulizi maswali ya ngoma ya mumewe, lakini aliyeitwa ana haki ya kuuliza, na hakuna aliyeweza kusema kwamba yeye hakuitwa.

"Hawa wameuliza watakula nini siku tatu," alisema. "Mimi nami nimeitwa. Nauliza nitakula nini mwaka mzima. Dume umelitoa. Majaruba yangu yatalimwa na nani?"

Watu walitazama chini. Wengine wao walikuwa na maksai, na Mboje aliona macho yao yakikwepa yake, si kwa ubaya. Mvua ikinyesha, jozi ya ng'ombe haitoshi hata kwa mwenyewe. Hakuwalaumu. Alifikiria udongo wa majaruba yale, mweusi, unaonata kwenye jembe kama mtoto anayekataa kuachishwa. Alifikiria mgongo wake. Mbali, upande wa mashariki, mawingu yalikuwa yamekusanyika tena na leo hayakuonekana kama yanatawanyika.

Aliiweka ngoma chini, akamgeukia mkewe, akasema kwa sauti ya kufika mpaka nyuma, kwa kuwa jambo kama hilo lazima liwe na mashahidi:

"Mama Keneth, nitayalima mimi, kwa jembe la mkono. Majaruba yako yote manne, kabla sijachimba hata shimo moja la pamba yangu. Na nikishindwa, Katibu atauzwa, amfuate Meneja, mchele nitakununulia. Lakini hutakula michembe mwaka mwingine, na hutanywesha ng'ombe wako Nassa."